Nani alipimwa, nani aliachwa: historia ya presha na moyo, kwa umri na kwa jinsia

Mfululizo huu ni mrefu, nimeugawa sehemu saba. Soma taratibu, hata kwa siku mbili, haina shida. Ukimaliza msomee na bibi au babu pale nyumbani, maana wao ndio hasa ninaowaandikia.

Kuna maneno matatu ambayo muuguzi yeyote aliyekaa kliniki ya presha ameshayasikia. La kwanza: "Sisi tunalima, tunatembea, presha ni ya watu wa mjini." La pili: "Bibi ana miaka 75, presha yake ni ya uzee, mwacheni tu." La tatu: "Wanaoanguka na moyo ni wanaume, mwanamke presha yake ni ya mawazo."

Wengi tunadhani haya ni maneno ya mtaani. Kumbe hapana. Yote matatu yaliwahi kusemwa na madaktari, tena wakubwa, na yakaandikwa kwenye majarida yao. Yalikuja kuanguka moja baada ya lingine pale mtu alipochukua mashine na kwenda kuwapima wale ambao hawakuwa wamepimwa. Historia ya presha, ukiiangalia vizuri, ni historia ya nani alipimwa na nani aliachwa. Na aliyeachwa ndiye aliyelipa, kwa moyo wake mwenyewe.

*SEHEMU YA 1: NAMBA MBILI ZILITOKA WAPI*

Mwaka 1733 Stephen Hales, mchungaji wa kanisa huko Uingereza aliyependa sayansi, alichapisha habari ya jaribio lake. Alichukua farasi jike, akaingiza bomba kwenye mshipa wake wa damu na kuliunganisha na bomba refu la kioo. Damu ikapanda juu zaidi ya futi 8! Hapo watu wakaona kwa macho kwamba damu inasukumwa kwa nguvu. Ila mgonjwa huwezi kumpima hivyo.

Ikapita zaidi ya miaka 160. Mwaka 1896 daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza mpira wa kufunga mkononi na kujazwa upepo, ukiunganishwa na zebaki. Alipata namba moja tu, ya juu. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov, pale St Petersburg, akaweka chombo cha kusikilizia chini ya ule mpira. Akagundua kwamba ukiachia upepo kidogo kidogo unasikia mapigo yanaanza, halafu yanapotea. Yanapoanza ndiyo namba ya juu, yanapopotea ndiyo namba ya chini. Mwaka huohuo huku Ungoni vita vya Majimaji vilikuwa vimewaka. Yaani kipimo hiki tunachokiona cha kawaida kina umri sawa na vita walivyopigana babu zetu. Si cha zamani sana.

Tushike hili, maana tutalihitaji hadi mwisho. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Namba ya chini ni nguvu iliyobaki kwenye mishipa wakati moyo umelegea unajaa damu upya. Moyo una kazi mbili: kusukuma na kujaa. Watu wengi wanaijua ya kwanza tu, na hapo ndipo akina mama wengi walipopotelea.

*SEHEMU YA 2: "MWAFRIKA HANA PRESHA"*

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu watu wa upande wa Kisii, magharibi mwa Kenya. Alipima watu 1000. Akasema hivi: hadi kufika miaka 40 presha zao zilikuwa kama za Wazungu. Baada ya 40, za Wazungu ziliendelea kupanda, za hawa zikashuka. Akaongeza kwamba katika wagonjwa kama 1800 waliolazwa hospitalini kwake hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya kupanda.

Sina sababu ya kusema alidanganya. Inawezekana kabisa alichokiona kilikuwa kweli kwa watu wale, kwa wakati ule. Tatizo lilikuja kwenye hitimisho. Kutoka "watu hawa, mahali hapa, mwaka huu" ikawa "Mwafrika". Na ugonjwa ukishaambiwa haupo, nani atautafuta? Mwaka 1941 daktari A. W. Williams, aliyekuwa Uganda, aliandika tena kuhusu presha ya Waafrika, na picha ikaanza kubadilika. Presha ilikuwepo.

Miaka ya 1960 A. G. Shaper na wenzake walikwenda kwa Wasamburu, kaskazini mwa Kenya. Wale wafugaji, presha zao hazikupanda na umri kama ilivyozoeleka Ulaya. Lakini vijana wa Kisamburu walioingia jeshini, wakala chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi zaidi, presha zao zilipanda. Miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Matokeo makuu yalitoka mwaka 1990. Haikuchukua miaka mingi: ndani ya miezi tu ya kuishi mjini presha zao zilikuwa juu kuliko za waliobaki nyumbani. Kwenye mkojo wao chumvi ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ile tunayoipata kwenye mboga na matunda, imepungua.

Umeona kitu hapo? Kama umri peke yake ndio ungekuwa unapandisha presha, Msamburu mzee naye angepanda kama Mzungu mzee. Hakupanda. Kwa hiyo uzee hauji na presha mkononi. Uzee unakuja na hesabu ya miaka yote: chumvi uliyokula, uzito uliobeba, pombe, sigara, na kujishughulisha kulikopungua. Mwenye miaka 70 amelipa kwa miaka mingi kuliko mwenye 30, basi.

Ndiyo maana "sisi tunalima" haitoshi. Kulima kunasaidia, nakubali. Lakini Madaba ya leo si Kisii ya 1929. Dukani kuna chumvi, kuna sukari, kuna mafuta ya kupikia, na barabara ya Njombe–Songea inaleta kila kinachouzwa mjini.

*SEHEMU YA 3: "PRESHA YAKE NI YA UMRI WAKE"*

Zamani madaktari walikuwa na hesabu rahisi: chukua 100, ongeza umri wa mtu, hiyo ndiyo namba yake ya juu ya kawaida. Mwenye miaka 70 akikutwa na 170, "sawa tu". Kulikuwa na madaktari maarufu hata miaka ya 1930 walioamini kwamba presha kupanda uzeeni ni msaada: mishipa imekuwa migumu, kwa hiyo mwili unaongeza nguvu ili damu ifike. Ukiishusha, walisema, utamdhuru mgonjwa.

Mfano mkubwa kabisa ni wa mtu aliyekuwa na kila kitu. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani. Presha yake ilipanda kwa miaka, na daktari wake wa karibu, Ross McIntire, alikuwa akisema afya yake ni ya kawaida kwa mtu wa umri wake. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimpima kwa mara ya kwanza. Presha 186/108. Moyo umetanuka, pumzi inakata, mapafu yameanza kupata maji. Hakukuwa na dawa nzuri ya presha enzi hizo. Walipunguza chumvi, wakampa mapumziko na dawa ya kuusaidia moyo. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa ulipasuka kichwani. Presha ilipimwa ikawa zaidi ya 300 kwa 190. Alikuwa na miaka 63.

Miaka 63, ndugu yangu. Hapa kwetu mtu wa miaka 63 bado anapalilia mahindi na anasomesha.

Miaka mitatu baadaye, 1948, Marekani ilianzisha utafiti kwenye mji mdogo wa Framingham, karibu na Boston. Walichukua watu 5,209 wenye miaka 30 hadi 62, wakawapima, kisha wakawafuatilia miaka nenda rudi: nani anapooza, nani moyo unashindwa, nani anakufa. Jambo ambalo watu hawalisemi sana ni hili: walichukua wanaume NA wanawake. Karibu wote walikuwa Wazungu, kwa hiyo sisi bado tulikuwa nje ya mlango. Lakini kwa wanawake huo ulikuwa mlango mkubwa.

Framingham ikavunja neno la pili. Kadiri namba ya juu inavyopanda, hatari inapanda, na kwa mzee inapanda zaidi kuliko kwa kijana. Hakuna umri ambao 170 inageuka kuwa salama.

*SEHEMU YA 4: MPIRA WA MAJI ULIOACHWA JUANI*

Tuingie ndani ya mwili sasa, maana bila hapa hutaelewa jinsia inakujaje.

Chukua mpira mpya wa kumwagilia bustani. Ukiminya unabonyea, ukiachia unarudi. Maji yakija kwa nguvu mpira unatanuka kidogo, halafu unarudi na kuyasukuma taratibu. Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo ukiwa kijana uko hivyo. Sasa chukua mpira ulioachwa juani miaka 10. Mgumu, haubonyei. Maji yakija kwa nguvu hauyapunguzi kasi, na yakiisha hauna cha kurudisha.

Ndivyo umri unavyofanya kwenye mshipa mkuu. Kwa hiyo namba ya juu inaendelea kupanda hadi uzeeni. Namba ya chini inapanda hadi miaka ya 50 au 60 hivi, halafu inaanza kushuka. Ndiyo maana babu anakutwa na 175/70 na watu wanamwambia "ya chini iko vizuri, usijali". Hapana! Hiyo ya chini kuwa ndogo kwake si afya, ni dalili kwamba mpira umekuwa mgumu. Na pengo kubwa kati ya namba mbili ni mzigo kwa moyo.

Moyo nao unafanya nini? Misuli yake inanenepa, kama mkono wa mbeba magunia. Ila mkono ukinenepa unanenepa kwenda nje, una nafasi. Moyo ukinenepa kwa presha, ukuta unakula chumba cha ndani. Unakuwa mnene, mgumu, hautaki kulegea. Ukishindwa kulegea, haujai vizuri. Damu inarudi nyuma kwenye mapafu, pumzi inakata. Mtu anashindwa kupanda mlima aliouzoea, anaamka usiku kutafuta hewa, analala kwa mito mitatu.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya moyo kushindwa: moyo mgumu. Unasukuma vizuri, ila haujai. Njia ya pili ni moyo uliotanuka: umechoka, kuta zimelegea, chumba kimekuwa kikubwa, unasukuma kidogo. Na njia hizi mbili hazigawanyiki sawa kati ya wanaume na wanawake.

*SEHEMU YA 5: MOYO WA MAMA, MOYO WA BABA*

Kabla ya miaka 50 hivi, kwa kawaida wanaume wana presha juu kuliko wanawake. Hapo ndipo lilipotokea wazo kwamba mwanamke amelindwa. Na hata alipokutwa na presha, vitabu vingi vya zamani vilidai kwamba wanawake wanaivumilia vizuri. Hedhi ikikoma mambo yanageuka. Mishipa ya mwanamke inakakamaa kwa haraka zaidi, presha inampita ya mwanaume, na kufikia miaka ya 60 na kuendelea wanawake wenye presha wanakuwa wengi kuliko wanaume. Ulinzi ulikuwepo, ndiyo, ila ulikuwa wa muda.

Moyo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanaume tangu mwanzo. Ukipewa mzigo wa presha, mara nyingi unanenepa kwa ndani, chumba kinabaki kidogo, nguvu ya kusukuma inabaki nzuri. Wa mwanaume, mara nyingi zaidi, unatanuka na kulegea, hasa akiwa na mishipa ya moyo iliyoziba au sigara. Sisemi kila mwanaume hivi na kila mwanamke vile. Nasema ukikusanya wengi, picha inaelemea huko.

Sasa angalia historia ilivyowatendea akina mama. Mwaka 1967 hospitali za askari wastaafu wa Marekani zilitoa utafiti wa kwanza mkubwa ulioonyesha kwamba dawa za presha zinaokoa watu, ukiongozwa na Edward Freis. Wagonjwa 143, presha kali. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata matukio makubwa 27. Waliopewa dawa halisi, 2 tu. Ushahidi mzito! Lakini wote 143 walikuwa wanaume. Ule wa 1970 uliofuata, wagonjwa 380, wanaume tena.

Na kwa muda mrefu, "moyo kushindwa" vitabuni maana yake ilikuwa moyo uliolegea. Bibi akija anahema, kipimo cha eko kikaonyesha moyo unasukuma vizuri, anaambiwa moyo wako mzima, labda ni pumu, labda uzito, labda mawazo. Mwaka 1985 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, walieleza wagonjwa 21, wazee wenye presha ya muda mrefu, wengi wao wanawake. Mioyo yao ilikuwa minene na inasukuma kwa nguvu, ila haijai. Walikuwa wanaumwa kweli, na moyo "unasukuma vizuri". Ilipofika 2021 ndipo utafiti mkubwa wa kwanza, wa watu 5,988, ulionyesha wazi dawa inayopunguza kulazwa kwa watu wa aina hiyo. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Framingham nao walirudi na jibu mwaka 1996. Katika watu waliopata tatizo la moyo kushindwa, asilimia 91 walikuwa na presha kabla. Presha iliongeza hatari hiyo mara 2 hivi kwa wanaume, na mara 3 hivi kwa wanawake. Yule aliyeambiwa anaivumilia presha ndiye moyo wake ulioumia zaidi.

Na kuna jambo la akina mama peke yao: ujauzito. Mwanamke aliyepata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, hata kama ilishuka baada ya kujifungua, ana hatari kubwa zaidi ya presha na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele. Wengi wakishajifungua salama wanashukuru Mungu na kufunga ukurasa. Shukuru, ndiyo, ila usifunge. Pima kila mwaka, na ukienda kliniki ukiwa na miaka 50 mwambie muuguzi, "Mimba yangu ya pili nilipata presha." Kwetu hiyo ni taarifa muhimu sana.

*SEHEMU YA 6: BIBI WA MIAKA 80 NAYE ANATIBIWA?*

Swali hili lilibaki wazi muda mrefu, kwa sababu tafiti nyingi zilikuwa zinawakataa wazee. Walionekana watasumbua matokeo.

Mwaka 1991 ukatoka utafiti wa Marekani wa watu 4,736 wenye miaka 60 na kuendelea. Hawa ndio wale wa namba ya juu kubwa na ya chini ya kawaida, wale wa "ya chini iko vizuri". Walianza na kidonge kidogo tu cha kupunguza maji na chumvi mwilini, cha bei rahisi. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 36, na moyo kushindwa ulipungua karibu nusu.

Bado watu wakauliza: na wa miaka 80? Mwaka 2008 ukaja mwingine, watu 3,845, wote miaka 80 na zaidi, kutoka Ulaya, China na Tunisia na kwingineko. Lengo halikuwa kali, 150/80. Vifo vilipungua kwa asilimia 21, na moyo kushindwa kwa asilimia 64. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine dawa.

Kwa hiyo "mwacheni, ni uzee" ilishajibiwa tangu 2008. Mzee anatibiwa, ila kwa utaratibu: dozi ndogo kwanza, kupandisha polepole, na kupimwa akiwa amekaa halafu amesimama. Mzee akisimama presha ikaporomoka ataanguka, na nyonga ikivunjika unajua wenyewe inavyokuwa. Kizunguzungu akisimama si sababu ya kuacha dawa nyumbani kimyakimya. Ni sababu ya kurudi kliniki dozi iangaliwe.

*SEHEMU YA 7: NA SISI JE?*

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Watanzania walipimwa sehemu mbili: Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Watu 770 na 928. Matokeo yalitoka mwaka 2000, na presha ilikuwepo kote, mjini na kijijini. Lakini lililonishika mimi ni jingine. Katika wenye presha, chini kidogo ya 20 kati ya 100 walijua kwamba wanayo. Kama 10 walikuwa wanapata dawa. Walioshushwa ikafika chini ya 140/90 hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Mwaka 2012 Tanzania ilipima nchi nzima watu wa miaka 25 hadi 64. Asilimia 25.9 walikuwa na presha. Mmoja kati ya wanne. Kwenye kila kaya ya watu wazima wanne, hesabu.

Na moyo? Pale Muhimbili wagonjwa 427 wa moyo kushindwa walichunguzwa, matokeo yakatoka 2014. Wastani wa umri ni miaka 55. Karibu nusu, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Wanawake walikuwa kama nusu ya wote. Utafiti wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliotoka 2012, wagonjwa 1,006: wastani miaka 52, na presha ndiyo chanzo kikuu. Ulaya na Marekani ugonjwa huu ni wa watu wa miaka 70 na zaidi. Kwetu unamkuta mtu ana mtoto shule ya msingi. Na Bugando, Mwanza, walipohesabu vifo vya wagonjwa waliolazwa wodi za watu wazima, matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha magonjwa yatokanayo na presha ni ya pili baada ya VVU, na kwa wenye zaidi ya miaka 50 ni ya kwanza.

Kwa nini kwetu moyo unachoka mapema hivi? Sababu ni zaidi ya moja, lakini kubwa iko kwenye zile namba za Ilala na Shari. Moyo hauchoki kwa sababu una presha. Unachoka kwa sababu una presha miaka 15 na hakuna aliyejua. Presha haiumi. Kichwa kinachouma si kipimo chake, na kichwa kisichouma si cheti cha uzima.

Sasa nifunge kwa mambo ya kufanya, kila mtu kwa nafasi yake.

Baba wa miaka 30 hadi 50: wewe ndiye tunayekukosa. Benchi la kliniki linajaa akina mama, kwa sababu wao wanapimwa wakija na ujauzito, wakija na watoto. Wewe unakuja umebebwa. Na umri huu ndio wanaume wana presha juu zaidi ya wanawake. Ukimsindikiza mkeo, omba na wewe upimwe. Ni dakika chache.

Mama uliyekoma hedhi au unayekaribia: hata kama ulikuwa 110/70 maisha yako yote, anza kupima upya. Na ukianza kuhema ukitembea njia uliyoizoea, au miguu inavimba jioni, usikubali jibu la "mawazo" kabla ya kupimwa. Eko haipo kila kituo, huenda ukapewa rufaa. Ukiipata na ukaambiwa moyo unasukuma vizuri, uliza swali moja zaidi: "Na kujaa je, unajaa vizuri?"

Binti uliyewahi kupata presha ya ujauzito: kila mwaka, bila kukosa.

Babu na bibi: dawa mnazo haki nazo. Mjukuu akisema "achana nazo, ni uzee", msomeeni sehemu ya 6.

Ukienda kupima, pumzika dakika 5 kwanza umekaa, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kipimo kimoja cha juu si hukumu, tunarudia. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia kwenye mboga. Na dawa usimeze siku ya kliniki tu ili namba ipendeze. Hapo unanidanganya mimi, moyo wako haudanganyiki.

Wale watu 1000 wa Kisii walipimwa mara moja, ikaandikwa, ikatosha kuhukumu bara zima. Wewe usipimwe mara moja. Pima mwaka huu, na mwakani, andika namba zako kwenye daftari, uje nazo.

Mwenye swali aulize hapa chini, nitajibu nikitoka zamu.